Puss Moth: Bawa lililokuwa na nguvu, lakini likavunjika

Tarehe 9 Septemba mwaka 1929, katika uliokuwa uwanja wa Stag Lane, kaskazini mwa jiji la London, ndege ndogo ya majaribio iliruka kwa mara ya kwanza. Ilikuwa na safu moja tu ya mabawa, yaliyopachikwa juu ya kichwa cha rubani, na chumba kilichofungwa kwa vioo ambamo mtu aliweza kukaa akiwa amevaa suti na kofia yake ya kila siku. Katika daftari za kampuni ya de Havilland ndege hiyo iliandikwa DH.80. Dunia ilikuja kuijua kwa jina la Puss Moth.

Muda wa miaka mitatu na ushei ulitosha kuipatia sifa ambazo ndege nyingi kubwa hazikuzipata. Ilivuka Bahari ya Atlantiki, ikafika Tokyo na Cape Town, na ikabeba posta iliyoanzisha shirika la ndege la India. Lakini katika muda huo huo, Puss Moth kadhaa zilikatika mabawa zikiwa angani, katika mabara tofauti na mikononi mwa marubani tofauti. Wachunguzi walikuja kuorodhesha ajali tisa za namna hiyo. Jambo lililowatatiza kuliko yote ni kwamba bawa la ndege hii lilipopimwa, lilionekana kuwa na nguvu za kutosha.

Kuelewa namna bawa lenye nguvu linavyoweza kuvunjika bila ya kuzidiwa na mzigo, hapana budi kurejea kwenye ubao wa mchoraji.

Kutoka ndege ya wazi hadi ndege ya chumba

Geoffrey de Havilland, mwasisi wa kampuni hiyo, alikuwa mpenzi wa wadudu, na hasa wa nondo. Ndiyo maana ndege zake ndogo zilipewa majina ya aina mbalimbali za wadudu hao. Ya kwanza kuvuma ilikuwa Moth ya mwaka 1925: ndege ya mbao na kitambaa yenye safu mbili za mabawa, viti viwili vya wazi na bei ambayo daktari au mfanyabiashara wa wastani aliweza kuimudu. Vilabu vya urushaji ndege vilienea Uingereza na katika makoloni kwa sababu ya ndege hiyo.

Lakini Moth ilikuwa na karaha zake. Rubani na abiria walikaa uso kwa uso na upepo. Walilazimika kuvaa makoti ya ngozi, miwani ya kukinga macho na kofia za kufunika masikio, na mazungumzo yao yalipitia kwenye mpira wa kusemea. Mvua ikinyesha, wote wawili walilowa. Kufikia mwaka 1929 kampuni iliona kwamba wateja waliokuwa tayari kulipa zaidi walitaka kusafiri kama watu wasafirivyo katika gari lenye paa.

Kulifunika tundu la rubani kwa kioo lilikuwa jambo jepesi. Uamuzi mzito ulihusu mabawa. Ndege yenye safu mbili za mabawa, moja juu ya nyingine, zilizoungwa kwa vijiti na nyaya, huwa kama sanduku. Ukilishika sanduku upande mmoja na kujaribu kulisokota, halisokoteki. Ndivyo ndege za wakati ule zilivyopata ugumu wao kwa uzito mdogo. Ila kila kijiti na kila waya ulioachwa nje ulipambana na hewa, na mapambano hayo yalikula nguvu za injini. Wasanifu chini ya Arthur Hagg waliamua kuondoa safu ya chini, kuacha safu moja ya juu, na kuishikilia kwa mihimili iliyotoka chini ya kiwiliwili cha ndege na kupanda kwa mshazari hadi katikati ya bawa. Sanduku likawa limeondoka, na mahali pake pakabaki ubao mrefu ulioegemezwa kwa miguu miwili kila upande.

Bawa lenyewe lilijengwa kwa boriti mbili za mbao, moja mbele na moja nyuma, zilizounganishwa kwa mbavu nyepesi na kufunikwa kitambaa kilichopakwa rangi ya kukikaza. Liliweza kukunjwa kuelekea nyuma ili ndege iingie katika banda lisilo kubwa, jambo lililokuwa na maana sana kwa mtu asiye na uwanja wake.

Injini iliyopinduliwa

Sehemu ya werevu kuliko zote ilikuwa puani. Mhandisi wa injini, Frank Halford, alikuwa ameshatengeneza injini ya Gipsy yenye silinda nne zilizosimama wima. Katika ndege ya chumba, silinda hizo zingesimama mbele ya kioo cha rubani kama ukuta. Halford aliigeuza injini juu chini: silinda zikaangalia ardhini na ekseli ikawa juu. Injini hiyo, iliyoitwa Gipsy III na yenye nguvu za farasi 120, ilimpa rubani upeo wa kuona mbele, na wakati huo huo ikaliweka panga boi juu zaidi, mbali na mawe na majani ya uwanjani. Ilibidi mfumo wa mafuta ya kulainisha ubuniwe upya, kwani mafuta yanayotiririka kwenda chini yangejaza silinda. Mpangilio huo wa injini uliendelea kutumiwa na kampuni hiyo kwa miaka mingi.

Ndege ilipomalizika, ilikuwa nyororo kiasi kwamba ilizusha tatizo lisilotazamiwa sana katika ndege ndogo za enzi zile: haikutaka kusimama. Rubani alipopunguza moto ili atue, iliendelea kuteleza hewani juu ya uwanja mzima. Wasanifu waliponya hilo kwa ufundi wa kupendeza. Vifuniko vya miguu ya magurudumu, ambavyo kwa kawaida huelekezwa kuupasua upepo, viliweza kugeuzwa kwa robo duara na rubani mwenyewe, vikasimama kama mbao mbili mbele ya upepo na kuwa breki za hewani.

Ndani, abiria alikaa nyuma ya rubani, kando kidogo, na palikuwa na nafasi ya kiti cha tatu kwa safari fupi. Mwendo wake wa juu kabisa ulifika kilomita 206 kwa saa. Moth ya wazi ya wakati ule, yenye nguvu za farasi 100, ilikwenda kilomita 160 na ushei tu. Nyongeza ya farasi 20 peke yake haiwezi kueleza tofauti hiyo. Ililetwa zaidi na unyofu wa umbo. Msomaji auweke akilini mwendo huo, kwani ndio utakaorudi baadaye katika kisa hiki.

Kutoka mbao hadi chuma

Ndege ya kwanza ya majaribio ilikuwa na kiwiliwili cha mbao kilichofunikwa plaiwudi. Zile zilizofuata, zilizouzwa kuanzia mwaka 1930 kwa jina la DH.80A, zilikuwa na kiwiliwili cha mabomba ya chuma yaliyochomelewa na kuvishwa kitambaa. Sababu zilikuwa za kibiashara na za hali ya hewa pia. Wateja wengi walikuwa ng'ambo, katika nchi za joto na unyevu, na gundi ya wakati ule, iliyotengenezwa kwa maziwa, haikupatana na masika wala na ukungu. Mchwa nao hawakuhitaji kualikwa.

Kwa Kiswahili nondo ni yule mdudu arukaye usiku, na pia ni chuma ambacho waashi hukitumia kukazia zege. Ndege hii, kwa kuvikwa mifupa ya chuma, ilistahili jina hilo kwa maana zote mbili. Lakini mabawa yalibaki ya mbao.

Safari zilizoitangaza

Puss Moth 259 zilitengenezwa Uingereza na nyingine 25 nchini Canada kabla ya kazi hiyo kukoma mwaka 1933. Kwa ndege ya chumba ya wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, idadi hiyo ni kubwa.

Mwezi Julai mwaka 1931 Amy Johnson, mwanamke aliyekuwa amekwisha kuruka peke yake hadi Australia, aliirusha Puss Moth pamoja na fundi wake kutoka London hadi Tokyo. Mwishoni mwa mwaka huo huo msichana Peggy Salaman na mwenzake Gordon Store waliondoka Uingereza na kufika Cape Town kwa muda usiotimia siku sita. Agosti 1932 Jim Mollison alitia pipa kubwa la mafuta ndani ya chumba, akahamishia kiti chake nyuma ya pipa hilo, akaondoka katika ufukwe wa Portmarnock nchini Ireland, na baada ya zaidi ya saa 30 akatua New Brunswick, Canada. Hakuna mtu aliyewahi kabla yake kuvuka Atlantiki ya Kaskazini kwa ndege peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi, safari ambayo upepo huipinga muda wote. Miezi mitatu baadaye Amy Johnson, ambaye sasa alikuwa mkewe, aliruka na Puss Moth nyingine hadi Cape Town na kuivunja rekodi ya mumewe huyo kwa zaidi ya saa 10.

Safari moja iliyoandikwa kwa herufi ndogo zaidi magazetini ilikuwa na matokeo makubwa zaidi. Tarehe 15 Oktoba mwaka 1932, J. R. D. Tata aliondoka Karachi peke yake ndani ya Puss Moth akiwa na mifuko ya barua, akapitia Ahmedabad na kutua Bombay. Huduma aliyoianzisha siku ile ndiyo iliyokuja kuwa Air India.

Afrika Mashariki nayo haikuachwa nyuma. Mjini Nairobi, Florence Kerr Wilson alikuwa ameanzisha kampuni ya Wilson Airways mwaka 1929, na Puss Moth zilikuwa miongoni mwa ndege zake za awali. Kampuni hiyo ilibeba abiria wa kukodi, maafisa wa serikali na posta, na baadaye ilihudumia miji ya pwani na Zanzibar kwa ndege kubwa zaidi. Jina la mwanamke huyo limebaki katika uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi. Ndege ya chumba yenye kiwiliwili cha chuma ilifaa kazi ya nchi hizi, ingawa yeyote aliyewahi kupita juu ya Bonde la Ufa saa za mchana, jua linapoichemsha ardhi, anajua kwamba hewa ya huko haiwi shwari.

Ajali bila ya maelezo

Ya kwanza ilitokea Oktoba mwaka 1930 huko Australia Magharibi. Ndege ilivunjika angani. Ilidhaniwa kwamba ni msukosuko wa hewa, na kwa kuwa ilikuwa ajali moja, maelezo hayo yalitosha.

Tarehe 5 Mei mwaka 1931 ilikuwa zamu ya Afrika Kusini. Glen Kidston, aliyekuwa ametoka kuweka rekodi ya safari ya kutoka Uingereza hadi Cape Town kwa ndege nyingine, aliiazima Puss Moth ili azunguke nchini humo. Ndege hiyo ilivunjika juu ya milima ya Drakensberg katika upepo mkali. Aliyefariki pamoja naye alikuwa Kapteni T. A. Gladstone, jina lililofahamika vyema kwenye ufuo wa Ziwa Victoria: yeye ndiye aliyefanya majaribio ya posta ya ndege kati ya Khartoum na Kisumu mnamo mwaka 1927. Mwishoni mwa Februari mwaka huo wa 1931 shirika la Imperial Airways lilikuwa limeanza safari zake za kila wiki kutoka London hadi Mwanza. Gladstone hakuishi hata miezi mitatu kuiona njia aliyoihangaikia ikizoeleka.

Mwaka 1932 zilifuata nyingine, mojawapo nchini Uingereza kwenyewe, katika jimbo la Surrey, na nyingine karibu na Byron Bay, Australia, iliyomuua Les Holden, rubani mashuhuri aliyekuwa abiria siku hiyo. Sasa haikuwezekana tena kusema ni bahati mbaya. Kila mara mabaki yalionyesha jambo lile lile: vipande vya bawa vilianguka mbali na kiwiliwili, ishara kwamba ndege iliachana vipande kabla ya kugusa ardhi.

Ni rahisi leo kuuliza kwa nini ndege hizo hazikuzuiwa zote kuruka tangu ajali ya pili. Lakini mamia ya nyingine zilikuwa zikiruka kila siku bila ya kasoro, zikivuka bahari na majangwa kwa mizigo mizito kuliko ile iliyokusudiwa. Kasoro inayojitokeza mara moja katika maelfu ya saa haionekani kwa macho ya mtu mmoja, na mtu aliyeiona kwa karibu hakubaki kuisimulia.

Nguvu na ukakamavu

Kazi ya kutafuta chanzo iliangukia taasisi mbili za serikali ya Uingereza: kituo cha utafiti wa ndege cha Farnborough na maabara ya taifa ya fizikia iliyoko Teddington. Hatua ya mwanzo ilikuwa ile iliyozoeleka. Bawa hufungwa, hupakiwa uzito kidogo kidogo, hadi livunjike, kisha uzito huo hulinganishwa na ule unaotakiwa na sheria. Bawa la Puss Moth lilifaulu. Kwa kipimo hicho, mchoraji hakuwa amekosea.

Hapa ndipo penye kiini cha kisa chenyewe. Kipimo kile kilijibu swali moja tu: bawa litabeba mzigo gani kabla ya kukatika? Hakikujibu swali la pili: likiwa na mzigo, litajipinda na kujisokota kiasi gani? La kwanza ni swali la nguvu, la pili ni la ukakamavu, na vitu hivyo viwili haviendi pamoja daima. Ufito wa mvuvi unaweza kukunjika hadi ncha yake ikakaribia kugusa maji, na bado usivunjike. Una nguvu, hauna ukakamavu. Kigae cha chungu hakipindi hata kidogo, lakini kikianguka huwa vipande. Kina ukakamavu, hakina nguvu.

Kwa nini ukakamavu uwe suala la uhai na kifo? Kila baharia wa jahazi anajua jibu, ingawa hajaliandika kwa hesabu. Tanga lililokazwa vizuri huusukuma mtepe au jahazi kimya kimya. Likilegezwa kidogo tu, upepo ule ule huanza kulipapatisha, na mpapatiko huo unaweza kulichana tanga ambalo dhoruba kamili isingelichana. Upepo haukuongezeka. Kilichobadilika ni kwamba kitambaa sasa kimepata nafasi ya kucheza, na kila kinapocheza, upepo hukiongezea nguvu.

Bawa la ndege lina michezo miwili. Linaweza kupinda juu na chini, na linaweza kujisokota kama mtu anavyoikamua nguo. Hewa ikiwa na msukosuko, bawa hupinda kidogo, kisha hutulia, kwani hewa yenyewe huufifisha mtikisiko huo. Lakini kadiri ndege inavyozidi kwenda kasi, ndivyo michezo hiyo miwili inavyokaribiana kwa mapigo. Ukifika mwendo fulani, bawa linapopanda linakuwa pia limejisokota kwa namna inayoufanya upepo ulisukume zaidi juu. Linaposhuka, limejisokota kinyume chake, na upepo unalisukuma chini. Ni kama mtoto kwenye bembea anayesukumwa kila mara kwa wakati muafaka. Ndani ya sekunde chache mtikisiko mdogo huwa mkubwa mno. Chini ya mwendo huo rubani hahisi dalili yoyote. Akiuvuka, hana muda wa kufanya lolote.

Jambo hili lilikuwa limeanza kufahamika. Mwaka 1928 wataalamu wawili wa Teddington, R. A. Frazer na W. J. Duncan, walikuwa wamechapisha utafiti mrefu kuhusu mpapatiko wa mabawa, ambao wahandisi wa baadaye waliuchukulia kama msahafu wa fani hiyo. Lakini kati ya kitabu kilichopo rafuni na mchoro ulioko mezani huwa kuna masafa. Mpapatiko ulihesabiwa kuwa balaa la ndege za kijeshi zenye kasi. Nani angeuwazia katika ndege ya kustarehe ya farasi 120?

Na hapa mwendo ule wa kilomita 206 unarudi. Unyofu uliowapendeza wanunuzi uliifikisha ndege hii ndogo kwenye kasi ambazo ndege za daraja lake hazikuwa zimezizoea, na ikielekezwa chini, au ikinaswa katika mawingu na rubani asijue inakoelekea, ilizipita kwa urahisi. Sanduku la safu mbili za mabawa lililoondolewa ili kupata mwendo ndilo lililokuwa likilizuia bawa kujisokota. Hakuna mtu aliyefanya uzembe. Faida na hatari zilitoka katika mstari ule ule wa kalamu.

Uchunguzi ulihitimisha kwamba msukosuko mkali wa hewa pamoja na mwendo mkubwa viliweza kulifikisha bawa la Puss Moth mahali pa kuvunjika, na kwamba mihimili ya bawa ilihitaji kukazwa. Tiba haikuwa kubwa. Kijiti kifupi kiliongezwa ili kuushikilia mhimili wa mbele usipinde. Vilevile vibawa vidogo vya pembeni, vile ambavyo rubani huvitumia kuiinamisha ndege kushoto na kulia, vilipachikwa vipande vya uzito mbele ya bawaba zake. Maana yake ni hii: kibawa ambacho uzito wake wote uko nyuma ya bawaba huchelewa bawa linaporuka juu, kikaning'inia, na kwa kuning'inia huko kikauzidishia upepo mahali pa kusukuma. Kikisawazishwa, hufuatana na bawa lake bila ya kuongeza mchezo.

Hinkler

Dawa hizo zilikuwa bado zinashughulikiwa pale Bert Hinkler alipoondoka Uingereza alfajiri ya tarehe 7 Januari mwaka 1933, peke yake, akiwa na nia ya kufika kwao Australia. Mtu huyu aliijua Puss Moth kuliko karibu kila rubani mwingine. Ndege yake ilikuwa moja ya zile zilizoundwa Canada, na mnamo Novemba mwaka 1931 alikuwa ameivusha Atlantiki ya Kusini kutoka Brazil hadi Gambia, wa kwanza kuivuka bahari hiyo peke yake kuelekea mashariki.

Hakuonekana tena akiwa hai. Theluji ya milima ya Pratomagno, katika jimbo la Toscana nchini Italia, iliyafunika mabaki ya ndege yake hadi mwishoni mwa Aprili. Serikali ya Italia ilimzika Florence kwa heshima za kijeshi. Hadi leo kuna mabishano kuhusu kilichotokea juu ya milima ile.

Kurudi kwenye mbao

Mwezi Mei mwaka 1933, wiki chache tu baada ya Hinkler kupatikana, de Havilland walirusha ndege ya kuipokea Puss Moth. Iliitwa Leopard Moth. Kwa mbali zilifanana kama ndugu wa tumbo moja: bawa juu, chumba cha vioo, injini iliyopinduliwa. Kwa karibu, mengi yalikuwa yamefikiriwa upya. Kiwiliwili cha mabomba ya chuma kiliachwa na kile cha plaiwudi cha ndege ya kwanza ya majaribio kikarudi, kikawa chepesi zaidi. Mabawa yalichongwa yakawa membamba kuelekea nchani. Uzito uliookolewa uliwezesha kuweka viti viwili bega kwa bega nyuma ya rubani. Mwaka huo huo Geoffrey de Havilland mwenyewe aliirusha katika mashindano ya Kombe la Mfalme, akashinda kwa mwendo wa wastani wa zaidi ya kilomita 220 kwa saa.

Ujuzi wa plaiwudi na gundi uliendelea kulimbikizwa katika kampuni hiyo, na Novemba 1940, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa vimepamba moto, uliipatia Uingereza Mosquito, ndege ya kivita ya mbao iliyokuwa miongoni mwa zenye kasi kubwa kabisa za wakati wake. Kufikia hapo hakuna msanifu aliyechora bawa bila kwanza kuuliza ukakamavu wake, na vitabu vya kanuni za ndege vilikuwa vimeanza kulitaka jibu hilo kwa tarakimu.

Puss Moth zenyewe vita vilizikuta zikiwa zimekwisha kuzeeka. Nyingi zilichukuliwa na majeshi kubeba maafisa na barua. Mjini Nairobi Wilson Airways ilifungwa mwaka 1939, na ndege na marubani wake wakaingizwa katika kikosi cha anga cha akiba cha Kenya. Chache kati ya zile zilizotengenezwa zingalipo, na baadhi bado huruka kwenye maonyesho siku za hali ya hewa nzuri. Anayeisogelea mojawapo na kuutazama mhimili wa mbele wa bawa atakiona kile kijiti kifupi kilichoongezwa baadaye, chembamba kiasi cha kutoonekana katika picha nyingi.